Yaliyo Chini ya Kambi Tisa

Hofu ilimwingia Nyambura katikati ya soko la Al-Dirah mjini Riyadh, alasiri ya Alhamisi, mkono mmoja umeshika mfuko wa ubani wa madam, mwajiri wake, na mwingine umeshika abaya isiburute vumbi. Iliingia kupitia picha moja kwenye simu ya Zephania.

Zephania alikuwa dereva wa lori kwenye maghala ya Al-Sulay, mtu wa kwao hasa, mwana wa Kambi Tisa. Kila Alhamisi baada ya kazi alishinda kwenye duka la mabegi la rafiki yake Mtanzania, na hapo alimnasa kila Mkenya aliyepita, maana Zephania alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyemtuma. Alikuwa anaandika historia ya mji. Kaunti ilikuwa imetangaza kwamba Kambi Tisa, makao yake makuu, ingepandishwa hadhi iwe manispaa. Wakaguzi wangefika mwisho wa Novemba. Zephania, ambaye hakuwahi kuitwa kwenye baraza lolote la mji ule, akaamua kwamba mji usio na historia ni sawa na bwana harusi aliyekuja kuposa bila wazee. Akanunua daftari nene, akafungua grupu la WhatsApp, na sasa watu zaidi ya mia mbili, walio Saudia na walio nyumbani, walikuwa wakitumiana picha na kugombana kuhusu nani aliyefungua hoteli ya kwanza.

"Wewe si ndiye binti ya Mzee Samuel wa lori la council?" alimwuliza Nyambura. "Basi wewe ni dhahabu, dada. Watu wa kambi ya zamani wameisha wote. Hebu ona mji wako."

Akamtembezea picha kwa kidole. Ofisi ya gavana, vioo vya buluu juu hadi chini. Stendi mpya. Benki tatu zikiwa zimepanga foleni mahali ambapo mashine ya kusaga ilikuwa ikipiga kelele peke yake. Nyambura alicheka kidogo, akasema aki, mji umekua.

"Na hii," Zephania akasema kwa fahari, kana kwamba alibeba mawe yake kichwani, "ni hosteli ya wasichana wa chuo cha uuguzi. Ghorofa nne! Ni ya Hezekiah. Unapajua hapo? Chini ya tangi."

Nyambura alipajua. Ploti ile aliiuza yeye.

"Yalla, Nyambura!" madam aliita kutoka duka la tatu. Nyambura akaenda. Miguu ilimfikisha, lakini hakujua ilivyomfikisha, na madam alipomwuliza ubani uko wapi ilibidi aangalie mkononi mwake kwanza. Mwanawe Mitchelle alikuwa ameanza chuo hicho mwezi wa Septemba. Alikuwa amepata chumba kwenye hosteli mpya, nzuri sana, karibu na chuo. Nyambura hakuwahi kuuliza ni hosteli gani. Angeuliza nini, na mji ulikuwa umeota hosteli kama uyoga?

Ili hofu hii ieleweke, sharti tuurudie mji wenyewe, na tuurudie kwa haki, si kama Zephania anayeanzia kwenye hoteli.

Zamani wajenzi wa barabara walipiga kambi kila baada ya maili kadhaa, wakazipa nambari kwa sababu hawakuwa na nafasi ya kuzitafutia majina. Kambi Moja hadi Kambi Nane zilirudi kuwa nyika, mbuzi wanalala humo. Kambi Tisa ilibaki kwa sababu ya maji. Ilikuwa na tangi la chuma juu ya miguu minne ya saruji, limeandikwa K9 kwa rangi nyeupe. Penye maji hapakosi watu. Akaja mama wa chai, akaja fundi viatu, likaja kanisa, ukaja msikiti wa mabati, mwishowe akaja D.O., afisa wa serikali, na bendera yake. Walitoka kila pembe ya nchi. Hakuna aliyeweza kusema babu yake amelala pale.

Barabara inakula changarawe, na changarawe ilichimbwa papo hapo chini ya tangi, mwaka baada ya mwaka, hadi pakawa na shimo la kumeza nyumba. Waliliita Machimbo. Mvua ikinyesha lilijaa maji mekundu, na akina mama waliwachapa watoto kwa kulisogelea tu. Hatimaye council ikaamua lijazwe, na aliyelijaza ni Samuel, baba yake Nyambura, kwa lori lake. Hakulijaza kwa mawe. Alilijaza kwa kile ambacho council ilikuwa nacho kwa wingi, yaani uchafu wa soko: maganda ya ndizi, matairi, mifupa ya bucha, magodoro, vigogo vibichi. Nyambura alikuwa na miaka tisa, naye ndiye aliyekaa kiti cha mbele, akiona kila lori likimwagwa na shimo likisema bado. Juu kabisa wakatandaza udongo mwekundu, nyasi zikaota, pakapendeza. Samuel alipostaafu akapewa kipande hicho. Watu wote walicheka. Kisha idara ya barabara ikafunga kambi, watu wakahama mmoja mmoja, na waliocheka wakaondoka na kicheko chao.

Miaka ikapita, mji ukisinzia. Ikaja katiba mpya, zikaja kaunti, na wakubwa wakatafuta makao makuu yasiyokuwa ya kabila la mtu. Wakachagua Kambi Tisa, kwa vile hapakuwa kwao kwa mtu yeyote. Basi mji ukafura. Waliokuja na mawakili na mihuri hawakujua Machimbo ni nini, na ramani zao hazikuwa nalo.

Lakini palikuwa na mila moja ambayo hata mawakili waliikuta na kuiacha. Wajenzi wa kwanza walizikana walipoangukia, kando ya barabara, bila alama. Mtu akichimba msingi aliweza kukutana na fuvu. Ndiyo maana Kambi Tisa, mji wa wageni watupu, ulijitungia desturi yake iitwayo kusema ya chini. Muuzaji husimama katikati ya ploti mbele ya mashahidi watatu, ameshika kikombe cha maji. Husema yote yaliyo chini ya ardhi ile, kaburi, kisima, choo, chochote. Kisha hunywa nusu, na mnunuzi humaliza. Ukishakunywa umekunywa. Kudanganya na maji yale mkononi ni jambo ambalo hata wezi wa Kambi Tisa waliliogopa.

Nyambura alisimama pale miaka tisa iliyopita. Mama na baba walikuwa wamekufa, mumewe alikuwa ameenda zake, Mitchelle alikuwa na miaka kumi, na ajenti wa Nairobi alikuwa na nafasi moja tu ya kazi Riyadh, na alitaka ada yake kwanza. Hezekiah alikuwa mgeni aliyekuja na kaunti. Nyambura alishika kikombe, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kuna choo cha zamani, kona ya chini, karibu na ua." Ilikuwa kweli. Akanywa. Hezekiah akauliza, "Hakuna kingine?" naye, maji yangali kooni, akatikisa kichwa. Ukweli mdogo ukisemwa kwa sauti kubwa huweza kuufunika mkubwa wake. Alijiambia kwamba yule bwana atajenga vibanda vya mabati tu, na kibanda hata kikititia, hakiui mtu. Akapanda ndege.

Siku iliyofuata ile ya soko, Nyambura alisubiri simu yake kama mgonjwa asubirivyo dawa. Kila siku madam aliiweka kwenye droo, akamwachia baada ya chakula cha mchana, nyumba ilipolala, hadi adhana ya alasiri. Nyambura alijifungia kwenye chumba cha kufulia, akapiga video.

"Mum!" Mitchelle alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha maua ya buluu alichotumiwa na mamake kikiwa kimekuwa pazia. "Leo umenikumbuka mapema."

"Fungua hilo pazia nione nje."

"Nje kuna nini? Ni matope tu, mvua haijaisha tangu last week." Akafungua. Dirisha lilikuwa la chini kabisa, na nyuma ya nondo zake ulisimama mguu wa saruji. Mitchelle akainua simu, na tangi likaonekana, K9, rangi ikiwa imebanduka.

"Room iko sawa?" Nyambura akauliza.

"Iko fiti. Ni mlango tu unatusumbua. Ulikataa kufunga, fundi akauranda. Ukakataa tena, akauranda mara ya pili. Sasa Velma anasema ni sisi tumenenepa." Velma, msichana anayelala naye chumba kimoja, alisikika akicheka pembeni.

Nyambura hakucheka. Mlango haunenepi. Fremu ndiyo iliyokuwa inakwenda.

Akafanya kosa ambalo mwoga yeyote angefanya. Badala ya kusema alichojua, alisema ameota ndoto mbaya, Mitchelle ahame leo leo, asiulize. Mitchelle akamtazama kwa huruma ile ambayo watoto wetu wanatuwekea wazazi walio mbali.

"Mum, wewe ulianza lini kuota? Uko stressed. Hiyo kazi inakumaliza. Term yote imelipwa, nitahamia wapi?"

"Kwa mtu yeyote."

"Nakupenda. Enda ulale."

Wiki iliyofuata familia nzima ilisafiri kwenda Jeddah, kwa mama yake madam, ajuza aliyeishi ghorofa ya tatu ya nyumba kuukuu huko Al-Baghdadiyah. Nyambura alipenda Jeddah siku zote, kwa upepo wake na kwa yule ajuza aliyemwita binti yangu. Safari hii hakuona kitu. Kila alipokwangua sufuria alisikia mlango ukirandwa. Na kana kwamba mbingu za nchi mbili zilikuwa zimepatana, mvua ikaja Jeddah pia. Iliangusha maji kwa saa mbili tu, na mtaa ukawa mto, magari yakielea hadi kwenye vitasa, wenye maduka wakiinua magunia ya mchele juu ya kaunta. Madam alisimama dirishani akisema ya Rabb, ya Rabb. Nyambura alikuwa nyuma yake na ndoo, akiyatazama maji mekundu ya Machimbo.

Jumanne alipopata simu alimpigia mdogo wake Pauline, aliyemlea Mitchelle kule Nakuru.

"Jifanye mgonjwa," akamwambia.

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa chochote. Mwite Mitchelle aje akuone. Nakuomba, Pauline, usiniulize."

Pauline alikuwa bado mtoto wa mgongoni wakati shimo likijazwa, hivyo hakuwa na la kukisia. Alinung'unika kwamba yeye hajui kuigiza, lakini alijua sauti ya dadake. Kabla ya alasiri ya siku ile Mitchelle alikuwa njiani. Nyambura aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa raha. Mtoto ametoka! Alimshukuru Mungu, akaosha vyombo akiimba, na ajuza akamwuliza kama amepata mchumba. Usiku alilala fofofo. Tuseme tu wazi kwamba alilala hivyo huku akijua fika kuwa kwenye hosteli ile walibaki wasichana wengine zaidi ya themanini. Aliwajua ni wengi, akawageuzia mgongo.

Jumatano mchana alifungua simu na kukuta ujumbe wa Mitchelle. Ulikuwa na picha ya Pauline akiuma chapati.

"Mgonjwa wako huyu hapa 😂 Mum hii drama ni ya nini? Kesho asubuhi narudi, Friday tuko na mtihani wa CAT. Room yangu imejaa btw. Zile room za juu kunavuja, so wasichana wanne wamehamia kwetu. Velma amechukua bed yangu."

Wasichana watano ndani ya chumba kile. Nyambura aliusoma ujumbe mara tatu. Hakumjua Velma zaidi ya kicheko chake, na sasa kicheko hicho ndicho kilichokataa kutoka masikioni.

Akampigia Zephania. Alimweleza yote, kwa haraka, kwa kunong'ona, kuanzia maganda ya ndizi hadi kikombe. Kule Al-Sulay injini ya lori ilizimwa.

"Dada, una uhakika?"

"Nilikalia hilo lori."

"Na hukusema ya chini."

"Nilisema choo."

Zephania akageuza sauti, ikawa ya mtu anayebembeleza. "Wakaguzi wanafika Jumatatu. Ukilitoa hili sasa, wataandika kwamba Kambi Tisa imejengwa juu ya takataka. Miaka yote hii tunasubiri. Mpigie Hezekiah kwanza. Mambo kama haya huzungumzwa pembeni."

Akampigia Hezekiah. Alibonyeza jina lingine mara mbili kabla ya kulipata lake. Hezekiah alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimtisha zaidi kuliko matusi.

"Nyambura," alisema polepole, "ulikunywa maji mbele ya watu watatu. Mmoja yuko hai mpaka leo. Nikikushtaki nitampeleka kortini na kikombe chake."

"Nishtaki. Lakini watoe wasichana kwanza."

"Niwatoe niwapeleke wapi, na niwaambie wazazi wao nini? Jengo lina mwaka mmoja na nusu. Mvua itapita." Akakohoa. "Contract yako inaisha mwezi wa tatu, si ndiyo? Utashukia Nairobi. Mtu aliyeuza shimo akasema ni ploti, polisi wanamwitaje? Fikiria mtoto wako anasoma hapa. Fikiria jina lako." Simu ikakatika.

Sasa aliogopa kweli. Hadi hapo alikuwa amemwogopea Mitchelle, na hofu ya mtoto inampa mama nguvu. Hii ilikuwa hofu nyingine, ya pingu uwanja wa ndege, ya kurudi baada ya miaka tisa ya kusugua vyoo vya watu na kuitwa mwizi mlangoni. Mitchelle alikuwa salama hadi kesho. Angeweza kumzuia Nakuru kwa uongo mwingine, na mwingine. Waliojua kwamba Nyambura alijua walikuwa Zephania na Hezekiah tu, na wote wawili walitaka anyamaze. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na viza ya kazi.

"Nyambura!" madam aliita. Mvua ilikuwa imerudi, na maji yalikuwa yameanza kuingia kupitia mlango wa roshani, mazulia yainuliwe. "Simu halas, yalla!"

"Naam, madam. Dakika moja."

Akafungua bomba, akajaza kikombe cha bati alichotumia ajuza kumezea dawa. Akafungua grupu la Zephania, lenye watu zaidi ya mia mbili, akabonyeza kipaza sauti.

"Mimi ni Nyambura, binti ya Samuel wa lori, wa Kambi Tisa. Nimeshika maji. Nilipouza ploti ya chini ya tangi nilisema kuna choo. Sikusema Machimbo. Ploti yote ni Machimbo. Ni shimo la changarawe, kina chake ni zaidi ya nyumba ya ghorofa moja, na lilijazwa uchafu wa soko. Niliona kwa macho yangu. Nilijua na nikanyamaza, kwa sababu hakuna ambaye angenunua. Hosteli iko juu yake. Milango ya chini haifungi kwa sababu jengo linatembea. Watoeni watoto. Msingoje kesho. Aliye karibu aende na miguu yake awatoe. Hayo ndiyo ya chini." Akanywa nusu. Hapakuwa na mtu wa kunywa nusu iliyobaki, akaimwaga kwenye sinki.

Ujumbe ukaenda. Madam alikuwa mlangoni na mkono umenyooshwa. Nyambura akampa simu ikiwa tayari imeanza kutetemeka.

Hakuna haja ya kueleza saa zilizofuata zilivyokwenda. Zilienda jinsi zinavyokwenda kwa mtu aliyenyimwa habari. Alikamua mazulia, akayatundika, akapika wali, akaulizwa mbona hauna chumvi. Asubuhi alikaanga mayai akayaunguza. Ajuza alimshika kiganja, akamwuliza mbona anatetemeka, yeye akajibu, "Baridi, mama." Ajuza akavua mtandio wake mwenyewe wa sufi akamfunika mabegani, na Nyambura nusura aanguke kwa aibu. Alitaka kuomba simu mapema. Akaogopa kuomba, na akaogopa zaidi kupewa.

Baada ya chakula cha mchana madam akaiweka mezani.

Jumbe mia nne na kumi na mbili. Alianza kuzisoma kutoka juu, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuruka hadi mwisho. Kwanza zilikuwa alama tu za kuonyesha watu wamesikia. Kisha matusi. Kisha mtu akauliza kama ni kweli, na mzee mmoja aliyehamia Mombasa akaandika, *Machimbo. Hata mimi nilikuwa nimesahau.* Hezekiah aliandika kwamba huyo mwanamke ana kichaa cha Uarabuni, halafu akajitoa kwenye grupu. Na Maryann, matroni wa chuo, ambaye alikuwa kwenye grupu kwa ajili tu ya picha za zamani, hakuandika chochote. Yeye alivaa gambuti, akachukua kengele ya chuo, akaingia hosteli saa kumi na moja jioni akiipiga kila ghorofa, akawahamishia wasichana wote kwenye ukumbi wa chakula, pamoja na magodoro yao na manung'uniko yao.

Alfajiri, kona ya nyuma ilizama.

Kulikuwa na picha. Jengo lilikuwa limeinama upande wa tangi, na madirisha matatu ya chini yalikuwa yamefika usawa wa matope. La katikati lilikuwa na pazia la maua ya buluu. Nusu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyekwaruzwa.

Nyambura aliketi sakafuni. Baada ya picha hiyo zilifuata baraka mtindo mmoja, mikono ya maombi, mioyo, Mungu akuweke dada, shujaa wetu, mama wa watoto themanini. Waliomtukana jana walikuwa wa kwanza kumsifu leo, ndiyo desturi ya magrupu. Mzazi wa Velma alikuwa amelia kwenye sauti ya dakika mbili. Zephania naye hakuachwa nyuma. *Nimekuandikia ukurasa mzima kwenye historia*, aliandika. *Kichwa chake: Mwanamke Aliyeokoa Kambi Tisa. Wakaguzi wameahirishwa lakini usijali.*

Ujumbe wa Mitchelle ulikuwa nje ya grupu, peke yake, sauti ya sekunde kumi na tano. Nyambura akauweka sikioni.

"Mum. Niko hapa, nimerudi, nimeona. Velma ameniambia nikushukuru. Asante." Palikuwa na pumzi ndefu, na nyuma yake kelele za wasichana wengi. "Nina swali moja tu. Kama ningekuwa nimekodisha kule stendi, si hapa… ungesema? Na usinijibu na ndoto."

Nyambura akaanza kuandika, *Bila shaka mwanangu*. Akafuta. Akaandika kwamba maisha ni magumu, kwamba siku moja akiwa mama ataelewa. Akafuta hilo pia. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamemwita shujaa, na ukurasa ulikuwa umeshaandikwa, na huyu mmoja ndiye aliyekuwa amesimama na kikombe cha pili, akingoja zamu yake ya kunywa. Nyambura alimwogopa kuliko alivyomwogopa Hezekiah.

Akainuka. Akajaza kikombe cha bati maji ya bomba, akabonyeza kipaza sauti.

"Mitchelle, nimeshika maji," alisema. "Hapana. Nisingesema."

Akanywa yote. Akatuma. Kisha akaenda akagonga mlango wa madam na kumrudishia simu, na madam, akiwa na usingizi machoni, akatazama saa ya ukutani, akashangaa, maana zilikuwa zimebaki dakika arobaini za simu kabla ya adhana ya alasiri.